Wembe na Kombe

Mwera, Pangani
4 Juni 1957

Kwa shoga yangu Praxeda,

Salamu nakupa nyingi, zilizobaki utazipata tukionana. Mie mzima, na kile kikohozi cha chumba chetu cha Ngamiani nimekiacha hukohuko Tanga.

Shoga, nimeingia Mwera kwa vishindo. Nilishuka garini na sanduku langu la bati kichwani, wanawake wakanizunguka. "Mwatumu, miezi yote hiyo Tanga, umerudi na nini? Mume?" Nikawaambia, "Nimerudi na sabuni." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wacheke! Kesho yake walijaa uani kwangu wenyewe, ati waione hiyo sabuni inayomshinda mume.

Nawafundisha yote tuliyofundishwa na yule bibi wa serikali, Bibi Maendeleo. Choo kikae mbali na kisima. Mwanamke asijifungulie juu ya gunia la nazi. Kitovu cha mtoto kikatwe kwa wembe mpya uliochemshwa, kisitiwe majivu wala chochote. Hili la kitovu ndilo lililonipeleka Tanga, weye wajua. Mdogo wangu Mastura kazaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alikaribia kutimiza wiki akakataa titi, taya likamkaza, mwili ukajipinda, akafa. Hapa wanasema ni dege, yule ndege ambaye kivuli chake kikimpitia mtoto, basi. Siku ile tulipoambiwa darasani kuwa hakuna ndege, ni uchafu unaoingilia kitovuni, nililia mbele za watu, nawe ukanifinya paja ninyamaze.

Sasa Mastura ana mimba tena. Atajifungua mwezi wa Maulidi, Inshallah. Mtoto huyu hafi, Praxeda. Nimeapa.

Mkunga wetu ni Bi Kijakazi. Kanipokea mie, kampokea Mastura, kampokea hata Jumbe Uweso. Nilidhani atanitimua na ufagio, lakini kakubali wembe uchemshwe, na majivu kayaacha, ingawa kwa shingo upande. Kila jambo linakwenda kama maji.

Ni mie shogayo,
Mwatumu binti Hatibu


Kambi ya mkonge, njia ya Muheza
21 Juni 1957

Mpendwa Mwatumu,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua hutaitika, lakini kalamu yangu imezoea.

Barua yako imenipendeza mpaka ikanitia shaka. Mimi ni mtoto wa Mngoni aliyeletwa huku kwa mkataba kukata mkonge, nimekulia kambini, na sijaona mahali ambapo kila jambo linakwenda kama maji. Hata maji yenyewe hapa hutoka bombani asubuhi tu.

Mimi nimeanza kwa ugomvi. Nyapara Fanueli alitupa ukumbi Jumapili ya kwanza, Jumapili ya pili nikakuta kufuli. Nikamfuata. Akasema wanawake wakikusanyika watazungumza siasa, na bwana meneja hataki siasa. Nikamwambia, "Nyapara, sisi tunazungumza kuhara." Akasema siku hizi hata kuhara kunaweza kuwa siasa.

Basi nimehamia bombani. Nani atawakataza wanawake kuteka maji? Foleni ni ndefu, ndoo hujaa polepole, na mimi sauti ninayo. Mwenye ndoo iliyojaa hataki kuondoka mpaka nimalize.

Niandikie na yale mabaya. Tulilala chumba kimoja muda wote ule, najua unavyonyamaza ukiumia.

Mwenzako,
Praxeda


Mwera
20 Julai 1957

Praxeda,

Salamu leo utanisamehe. Ulinena kweli, kulikuwa na mabaya, na siku ile nilipokuandikia yalikuwa hayajafika. Sasa yamefika.

Chiku, jirani yangu, mwanafunzi wangu wa kwanza, mwenye kucheka kuliko wote, alijifungua mtoto wa kiume. Bi Kijakazi ndiye aliyempokea. Wembe nilimpa mie kwa mkono wangu, mpya, na karatasi yake. Ulichemshwa, mamake Chiku kaapa na mie namwamini, sufuria ilikuwa yake. Majivu hayakutiwa. Mtoto alinyonya siku za mwanzo vizuri tu, akanenepa shavu. Kisha akakataa titi. Nilipoitwa taya lilikuwa limekwisha kukaza. Nilimshika, akajikunja mikononi mwangu, na hapo nikajua.

Jumbe Uweso kaniita barazani. Mwanamke kuitwa barazani mbele ya wanaume wote wa Mwera, na buibui langu, nimesimama! Kasema nimeleta mambo ya kizungu yakaua mtoto. Kasema zamani dege alikuwa akija kwa bahati mbaya, sasa mie nimemwita. Kanikataza kuingia nyumba yoyote yenye mzazi, na kasema ataandika Tanga nifukuzwe kazi.

Nilimjibu, "Jumbe, kama wembe uliochemshwa unaua, nyie wanaume mnaonyolewa Ijumaa kwa wembe usiochemshwa mbona mu hai?" Wengine walicheka. Lakini nilipofika nyumbani nilifunga mlango nikalia, kwani swali langu mwenyewe lilinirudia. Wembe ulichemshwa, majivu hayakutiwa, na mtoto kafa. Je, tulidanganywa kule Tanga?

Chiku akiniona njiani hugeuza uso. Mastura naye kaanza kunikwepa. Mumewe kasema nisikanyage kwake.

Mwatumu


Kambini
29 Julai 1957

Dada Mwatumu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako bombani, nikawaambia wanawake wasimame, tukamwombea mtoto wa Chiku, kila mtu kwa dini yake.

Sasa futa machozi unisikilize. Hatukudanganywa. Hapa wamezaliwa watoto kwa njia hiyohiyo na wote wazima. Usiniambie wembe ulichemshwa, hilo nimelisikia. Niambie ulipotoka kwenye sufuria ulishika njia gani mpaka kitovuni. Uliwekwa wapi? Ulifutwa kwa nini? Nani aliushika? Nenda kaulize. Usiulize kama askari, uliza kama mtu anayetaka kujua.

Na jumbe wako mwambie Praxeda amemsalimu. Hapana, usimwambie, atadhani ni siasa.

Praxeda


Mwera
9 Agosti 1957

Praxeda,

Nimeuliza. Nimeona. Laiti nisingaliona.

Nilikwenda kwa Bi Kijakazi na kikapu cha mihogo, nikakaa naye tukimenya. Nikamwomba anieleze siku ile tangu mwanzo, naye kanieleza bila kuficha, kwani hana la kuficha. Wembe ulipotoka motoni ulikuwa ukimwunguza vidole. Akautumbukiza ndani ya kombe, upoe na upate baraka, kisha akakata.

Kombe weye hulijui. Kwetu mwanamke akiwa na mimba, mwalimu wa chuo cha Kurani humwandikia aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Sahani huoshwa kwa maji, na maji yale ndiyo kombe, huyanywa kidogokidogo apate salama. Sote tumezaliwa kwa kombe. La Chiku lilikaa wiki kadhaa katika mtungi ulio wazi, uvunguni, na chumba hichohicho ndimo wanamofungwa mbuzi wao mvua ikinyesha. Maji yenyewe ni ya kisima cha bondeni. Bi Kijakazi alinipeleka kwa Chiku, mamake akatufungulia, nikauchungulia ule mtungi. Ulikuwa na utando juu, na kinyesi cha mbuzi kando.

Bi Kijakazi aliniona ninavyotazama. Akaniuliza, "Una nini?" Nikasema sina kitu. Sikuweza, Praxeda. Nimwambie nini mwanamke yule? Kuwa baraka ndiyo iliyomwua mtoto?

Mwatumu


Kambini
15 Agosti 1957

Mwatumu,

Basi umepata! Mbona unalia tena? Waambie waache hicho kikombe chao cha uganga, wembe utoke motoni uende kitovuni, kwisha. Mastura ana muda mfupi. Usione haya.

Praxeda


Mwera
20 Agosti 1957

Praxeda,

Uganga?

Aya za Mwenyezi Mungu ndizo unaziita uganga? Kule Ngamiani ulipokuwa ukipiga magoti na tasbihi yako niliwahi kukucheka? Si nilikuwa nikikuzimia redio ya jirani kwa kumgombeza ili usali kwa utulivu?

Weye una bomba lako na watu waliotoka kila pembe, wasiojuana mababu. Mie nikisema Mwera neno hilo lako, sitafukuzwa na Jumbe tu, nitafukuzwa na mamangu. Nami nitakuwa wa kwanza kujifukuza.

Usiniandikie mpaka umejua kuandika.

Mwatumu binti Hatibu


Tanga
2 Septemba 1957

Kwa Bibi Mwatumu binti Hatibu, Mwera

Bibi,

Ofisi imepokea mashtaka ya Jumbe wa Mwera juu ya kifo cha mtoto mchanga. Unaagizwa kusimamisha mafunzo yote mpaka utakapoarifiwa tena.

Aidha, imefahamika kwamba umekuwa ukishirikiana na mkunga wa kienyeji. Mafunzo haya hayakukusudiwa wanawake wazee wasiojua kusoma, nao wazuiliwe wasiendelee na desturi zao.

Mimi,
Eliudi, karani
kwa amri ya Bibi Maendeleo


Kambini
10 Septemba 1957

Dada yangu Mwatumu,

Nimepata bahasha yako. Ndani hamna neno lako hata moja, ila barua ya karani. Nimejua bado umenikasirikia. Nimejua pia kwamba hukuwa na mwingine wa kumwonyesha.

Nimekosa kwa neno. Mama yangu ana chupa ya maji ya baraka aliyopewa na padre, huninyunyizia kila nikisafiri, na mtu akiyaita uganga nitammwagia ndoo nzima kichwani. Nisamehe, nami sitarudia.

Lakini kama nimekosa kwa neno, sijakosa kwa wembe. Sisemi tena muache kombe. Nasema wembe uliotoka motoni usiingie katika maji mabichi. Hilo tu, na hilo sitalirudisha hata ukinikasirikia mpaka Krismasi.

Kuhusu karani, mimi nikiletewa barua kama hiyo nitaiwashia jiko. Fanueli sasa ameweka mlinzi bombani atufukuze. Mke wa mlinzi ana mimba. Maswali anayoniuliza ni mengi kuliko ya wanawake wote, na foleni imekuwa ndefu zaidi.

Usinyamaze.

Praxeda


Mwera
26 Septemba 1957

Shoga yangu,

Nimekusamehe kwa ajili ya maneno mawili: maji mabichi. Nilikaa nayo kutwa. Nikasema, kama tatizo ni ubichi, si yapikwe? Watu wazima sisi, tumepika kila kitu, tumeshindwa kupika kombe!

Nikaenda kwa Mwalimu Mwinyijuma, yeye ndiye anayewaandikia wazazi wote. Nilimngoja chuoni watoto watoke. Nikamwuliza, "Mwalimu, kombe likipanda moto, aya zinaharibika?" Akasema, "Mwanamke kaja kunifundisha kombe!" Nikamwambia, "Hasha, sikufundishi kombe, nakufundisha maji." Kakasirika, kasema nitoke. Sikutoka. Nikamweleza mtungi wa Chiku, utando, mbuzi, nikamwuliza kama yeye angekubali neno la Mungu likae mle. Hapo kasema kuwa mtungi ule hakupata kuuona, yeye huandika sahani tu, yanayofuata ni ya wanawake. Akasema moto wa kuni hauwezi kuunguza neno, na asiyeamini hivyo aje abishane naye.

Basi tumepatana. Kaandika sahani ya Mastura upya. Wakati wake ukifika, sahani itaoshwa palepale, maji yatiwe kwenye sufuria mpya, na wembe na uzi vichemkie humohumo ndani ya kombe. Vitoke vikiwa na baraka na moto pamoja. Vitapoa vyenyewe juu ya kifuniko kilichochemshwa, na Bi Kijakazi angoje.

Yeye ndiye aliyebaki, na ndiye mlima. Niliona sina budi kumsomea barua ya karani uliyonirudishia, yote, hata pale pa wazee wasiojua kusoma. Nilidhani atalia. Alitema ugoro wake, akasema nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Na Uweso kasema usiingie nyumba yenye mzazi?" Nikasema ndiyo. "Na huyo karani kasema mie nizuiliwe?" Ndiyo. "Hao wote wamezaa wangapi?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Kasema chumba cha uzazi hakina jumbe wala karani. Kasema Mastura atampokea yeye, na mie nitakaa ndani nishike sufuria, na mume wa Mastura akitaka kukataa aje azae mwenyewe. Lakini kanionyesha kidole: "Nakuachia kitovu hiki kimoja, Mwatumu. Kikiharibika, sanduku lako la bati ulijue lilipo."

Nami nimekubali. Kama mtoto huyu atakwenda kama wale wawili, sitakuwa na uso wa kukaa hapa. Mastura kaniita jana akaniegemea. Tumbo limeshuka.

Tuombee kwa Kikristo chenu.

Shogayo,
Mwatumu


Mwera
19 Oktoba 1957

Kwa Bibi Maendeleo, Tanga, na kwa Eliudi karani wake atakayemsomea

Asalamu alekumu, na kama si wa salamu hiyo basi hamjambo.

Mie ni Kijakazi binti Mwinyimvua, mkunga wa Mwera. Kusoma sijui, hilo mmekwisha kulisema. Nasema mie, mwingine anaandika.

Nawaarifu kuwa Mastura binti Hatibu kajifungua mtoto wa kike, siku chache baada ya Maulidi. Nilimpokea mie. Mwatumu alikuwamo chumbani tangu mwanzo mpaka mwisho, na mie ndiye niliyemwingiza. Jumbe Uweso alikuja mlangoni na bakora yake akasema Mwatumu atoke. Nilimwambia, "Uweso, mie nilikuona uchi kabla ya mamako. Rudi barazani." Karudi.

Wembe ulichemkia ndani ya kombe la Mwalimu Mwinyijuma. Nilingoja upoe. Kungoja kulinichoma, sijazoea kufundishwa kungoja na mtoto niliyemtoa tumboni kwa mikono hii, lakini nilingoja. Kitovu hakikutiwa majivu, wala samli, wala utando wa buibui. Hakikutiwa kitu. Kilinikodolea macho nami nikakikodolea.

Kisha tukakaa. Nyie huko Raskazone mjini hamjui kukaa huko. Mamake kila akimpa titi anatuangalia sisi usoni. Mwatumu hakwenda kwake, alikunja miguu pembeni akaacha hata kula. Chiku, aliyefiwa na mwanawe, alikuja bila kuitwa, akakaa karibu na Mwatumu, akamshika mkono. Walikuwa hawajasemezana tangu msiba. Hakuna aliyetaja dege.

Siku ya saba asubuhi nilitia kidole changu kinywani mwa mtoto nijue taya. Nilinawa kwanza kwa sabuni, msije mkaandika barua nyingine. Kalivuta lile dole langu kama analidai. Nililiacha humo mpaka likaniuma, nikaona wanawake wote wamesimama, na Mastura analia kwa sauti, nikamwambia, "Lia, mwanangu, leo kilio chako ni cha heri." Mwatumu katoka nje kaenda kukaa juu ya kinu, kalia peke yake. Siku ya nane kitovu kimedondoka, kikavu, safi. Tumekizika penye mnazi wa nyumba yao. Jana kutwa mtoto kanyonya.

Sasa sikilizeni. Mie bado nasema dege yupo. Lakini naona haji penye sabuni.

Nasikia mwakani mtafundisha wanawake wengine. Nitakuja. Nitakuja na wakunga wenzangu wawili wa huku, na nimempelekea salamu yule Praxeda wa kambi ya mkonge aje na wa kwao. Msihangaike na viti, mie nina mkeka wangu. Msihangaike na daftari, nitalitia kichwani, ndimo nilimotia watoto wote wa Mwera kwa majina yao na ya mababu zao. Mkisema mafunzo hayakukusudiwa mie, nitakaa mlangoni mwenu mpaka yanikusudie. Mzazi akishikwa na uchungu huku hamwiti karani, huniita mie. Kama hamnifundishi, mnamfundisha nani?

Na Mwatumu anaendelea kufundisha. Uani kwake jana palijaa mpaka wengine wakakaa juu ya kuni. Sikumwambia asimamishe, wala yeye hakuniuliza.

Hapo chini ni dole gumba langu. Mkono ulioandika ni wa Mwatumu, mliyemkataza kufundisha. Kuandika hamkumkataza. Mkitaka kumkataza na hilo, njooni Mwera mseme mbele yangu.

Kijakazi binti Mwinyimvua
mkunga